Aliyeshika Usukani Ndiye Anayeshuka

Mbalizi, Mbeya
14 Aprili 2024

Kwa dada yangu Esnath, Ifunda.

Mimi kaka yako Jailos, miaka sabini na nane. Nimezika wake wawili, nimezika Land Rover tatu, nimemzika na yule daktari aliyeniambia mwaka themanini na tano kwamba moyo wangu hautafika sitini. Yeye ndiye hakufika. Kwa hiyo ukisikia watu wa huko Iringa wanasema Jailos amechoka, waambie waje Mbalizi waone kama nashikwa mkono kuvuka barabara.

Kamwene, kama mnavyosalimiana kwenu siku hizi. Mimi mzima. Mwanangu Marta naye mzima, ananiletea chakula na kelele kila siku. Mvua huku inanyesha kama imetumwa, viazi vinaoza shambani. Jogoo wangu mwekundu amemshinda jogoo wa jirani, jirani hanisalimii sasa.

Naandika kwa mkono wangu. Simu wewe husikii, na meseji lazima ipitie simu ya mtoto wa watu, mambo yetu yaende mpaka dukani. Darasa la tatu langu linatosha. Barua nampa kondakta wa basi la asubuhi, ananijua, nani hanijui kwenye barabara hii.

Sasa kuna jambo dogo. Mwanao Clement utakuwa umesikia. Tarehe tisa mwezi wa tatu tulipeleka wageni Kitulo kuona maua, Wazungu wawili, mke na mume, na gari ya kampuni anayofanyia kazi, Land Cruiser mkonga, ile yenye bomba la hewa lililopanda kando ya kioo. Mimi huwa ananichukua kwa ajili ya hadithi. Wageni wanapenda hadithi zangu, yeye anawatafsiria. Huko juu gari ikalala korongoni. Yule mama akavunjika mkono. Basi. Hakuna aliyekufa. Trafiki wamechukua leseni ya Clement, kampuni wamempumzisha, na yeye ameona aende Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu abadilishe hewa kidogo. Kijana ana nguvu, usihangaike.

Vijana wa sasa wana haraka, hilo nalo ulijue.

Mimi katika miaka yangu yote ya kazi, tangu sitini na saba mpaka nastaafu, sikulaza gari hata siku moja. Shahidi yupo, Philbert utingo wangu. Amefariki lakini alikuwa anajua.

Kaka yako,
Jailos Mwasenga

* * *

Ifunda
2 Mei 2024

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kuona herufi zako. Hapa kwetu sote wazima isipokuwa masikio yangu, ambayo sasa yamekufa kabisa upande wa kushoto. Padri anahubiri, mimi naangalia mdomo wake tu na kuitika amina pale wenzangu wanapoitika. Ulanzi umekuwa mwingi mwaka huu, majirani wanalewa na kucheka kuanzia saa nne asubuhi.

Jambo lako dogo, kaka, lilinifikia kabla ya barua yako.

Unakumbuka mwezi wa kwanza ulikuja hapa ukabeba jembe la posa begani kama mjomba wa kijana, ukaliingiza mwenyewe nyumbani kwa Mzee Sosthenes Kikoti. Ulisimama sebuleni kwake ukasema: “Huyu kijana nimemfundisha mimi. Mkimpa Anjela, mmempa mtu anayejua kumfikisha mtu salama.” Watu walipiga makofi. Hata mimi nilisikia, maana ulipaza sauti.

Jumamosi iliyopita jembe limerudi. Mzee Kikoti alilileta mwenyewe, hakumtuma mtu. Alisema polepole ili niusome mdomo wake: “Mama Clement, sina ugomvi na wewe. Lakini siwezi kumtoa binti yangu kwa mtu anayelaza wageni korongoni halafu anakimbilia machimboni.” Jembe liko nyuma ya mlango. Sijalimia na sitalimia.

Anjela bado anakuja kunichotea maji. Anaweka ndoo, ananitazama, anaondoka.

Clement nimemwandikia kupitia simu ya jirani yangu Mercy. Nilimuuliza kilitokea nini. Akajibu maneno mawili: “Muulize mjomba.”

Basi nakuuliza. Gari lilianguka vipi? Na wewe ulikuwa umekaa wapi?

Mdogo wako,
Esnath

* * *

Mbalizi
30 Juni 2024

Kwa dada Esnath.

Usishangae kuchelewa, kalamu ziliisha. Nimetuma na mchele debe moja, ule wa Usangu unaonukia, upokee kwa kondakta. Marta anakusalimu. Goti langu lilisumbua kidogo wiki mbili, baridi tu ya mwezi huu, limeshapona. Yule jogoo ameliwa na kicheche.

Kuhusu Mzee Kikoti, mtu ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli atajua nini habari ya korongo? Mwambie mimi mwaka sabini na tisa nilivusha mapipa ishirini ya lami kwenye mto umejaa, injinia Mzungu amesimama ng’ambo ameshika kichwa. Nilivukaje? Nilishuka. Nilivua viatu nikaingia majini na fimbo yangu. Ile fimbo unaijua, ina alama mbili nilizochonga. Maji yakifika alama ya chini unapita, yakifika alama ya juu unakaa ng’ambo unachoma mahindi mpaka kesho. Na siyo maji tu, unagonga chini, unakanyaga, unasikia kwa nyayo kama ardhi imeshiba au ni tupu.

Na sheria yangu ni moja, madereva wote niliowafundisha wanaijua: aliyeshika usukani ndiye anayeshuka. Hatumi utingo. Hatumi abiria. Ukimtuma mtu atakuletea habari kwa mdomo, na gari haipiti juu ya mdomo wa mtu. Clement nilimfundisha hivyo akiwa na miaka kumi na tisa, nilimshusha kila dimbwi kutoka hapa mpaka Chunya mpaka akalia.

Siku ile njia ilikuwa imeliwa chini na mvua, juu inaonekana nzima. Ukingo ukakatika. Gari ililala polepole tu kama ng’ombe anavyolala, ubavu wa kushoto. Mama yule alikuwa mbele, akaangukia mkono wake. Mimi nilifungua mlango wangu juu ya kichwa kama mtu anatoka kisimani, kwa umri huu, nikajivuta nikasimama juu ya gari. Wale wachunga ng’ombe waliokuja kutusaidia walisema mzee huyu ni simba. Waulize.

Habari ya nani alikaa wapi, gari ni gari, watu wanakaa.

Kula mchele.

Jailos

* * *

Ifunda
21 Julai 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Huku baridi imeunguza maharage. Nimesali misa ya kwanza, nimekunywa chai, nimesafisha miwani, ndipo nikakaa kukuandikia, ili usiseme nimeandika kwa hasira.

Barua yako nimeisoma mara tano. Mimi sijui udereva, lakini kupanda magari nimepanda.

Unasema gari lililala ubavu wa kushoto. Mama wa Kizungu alikuwa mbele, akaangukia mkono, kwa hiyo alikaa kushoto. Wewe mlango wako ulikuwa juu. Mlango wa juu ni wa kulia. Kama ungekaa nyuma ungesema habari ya yule bwana uliyekaa naye. Wewe umetoka kama mtu anayetoka kisimani, peke yako. Kaka, hapa Tanzania anayekaa mbele upande wa kulia ana kazi moja tu.

Sikukuuliza kama wewe ni simba. Tangu utotoni najua wewe ni simba, umekuwa ukiniambia kila siku. Nilikuuliza ulikaa wapi.

Mzee Kikoti anatafutwa na mtu wa Mafinga mwenye biashara ya mbao, anamtaka Anjela. Amemwambia atampa jibu siku ya Watakatifu Wote. Hajakubali bado kwa sababu Anjela amekataa kula nyumbani siku tatu. Lakini mtoto wa kike atakataa kula mpaka lini?

Mwanangu ana miaka thelathini na mbili. Hana baba. Alipozikwa baba yake, wewe ulisimama kaburini ukasema kuanzia leo mimi ndiye. Nakumbuka pia hilo ulilisema kwa sauti.

Mchele nimeurudisha kwa kondakta yule yule. Sijafungua mdomo wa mfuko.

Esnath

* * *

Mbalizi
4 Agosti 2024

Esnath.

Mchele umefika. Kondakta amenishushia mbele ya watu stendi, akaniuliza mzee, umekataliwa mchele wako?

Mimi ni mkubwa wako. Nilikubeba mgongoni kwenda kliniki wewe una surua. Sitahojiwa na mtu niliyembeba. Polisi waliuliza siku ile ile, wakajibiwa, wakaandika, wakaondoka. Mimi sikusema uongo kwa mtu yeyote. Hakuna mtu anaweza kusema Jailos alidanganya.

Usiniandikie tena mpaka nikuandikie.

Jailos

* * *

Ifunda
15 Septemba 2024

Kaka, shikamoo.

Umenikataza na mimi nakuandikia. Nikifa utanisamehe.

Mercy alikwenda Mbeya kwa mkwe wake, akafika mpaka Makongolosi kumwona Clement kwa niaba yangu. Anasema amekonda. Anabeba viroba vya mawe kutoka shimoni kupeleka kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, mgongo umechubuka. Watu wa kule wanamwita Dereva, kwa kumcheka.

Mercy akamwambia: “Mama yako anataka kujua ukweli.” Akajibu, “Ukweli ni wa mjomba, siwezi kumpokonya.” Halafu akampa ujumbe wa kukuletea wewe. Nauandika kama alivyousema: “Mwambieni mjomba asipande ule mteremko wa kanisani bila fimbo. Goti lile siyo baridi.”

Ni hayo tu. Sikuulizi kitu tena.

Esnath

* * *

Mbalizi
29 Oktoba 2024

Kwa dada yangu Esnath.

Mimi Jailos Mwasenga, sabini na nane, na leo sisemi tena nimezika nini. Nimechelewa wiki sita. Safari hii kalamu zilikuwepo.

Marta mzima. Mvua za kwanza zimegusa. Nimemaliza salamu.

Nilikuwa nimekaa kulia.

Nilipousoma ujumbe wa Clement habari ya goti nilikasirika siku mbili. Ya tatu nilikuwa napanda ule mteremko wa kanisani, na ile fimbo ya alama mbili nimeishika, maana tangu mwezi wa tatu ndiyo natembelea hiyo, watu nawaambia ni ya matope. Nikasimama katikati sikuweza kwenda juu wala chini. Watoto wa Sunday School wakanipita wakasema shikamoo babu, mmoja akarudi akanishika kiwiko. Mimi. Nikakaa kwenye jiwe nikasema basi, huyu mtoto wa watu amejua, Clement alijua, Esnath amejua, nani amebaki hajui? Amebaki Jailos.

Sikiliza ilivyokuwa. Zile kona hamsini na saba za kutoka Chimala kupanda Matamba alizipanda Clement zote, na kwa kweli, Esnath, anaendesha vizuri kuliko mimi nilivyowahi. Hilo sijawahi kulisema kwa mdomo. Mimi nimekaa nyuma nasimulia wageni habari ya mapipa ya lami, yule mama anacheka, mume anapiga picha. Kila nilipomaliza hadithi walimtazama Clement, hawanitazami mimi, kwa sababu yeye ndiye anayetafsiri na yeye ndiye ameshika gari. Iliniuma. Jambo la kijinga lakini liliniuma.

Tulipofika juu kwenye maua nikamwambia, “Mwanangu, niachie kidogo hapa tambarare.”

Akasema, “Mjomba, leseni yako imekufa.”

“Leseni imekufa. Mimi nimekufa?”

Akacheka. Akasema, “Mpaka pale kwenye mti tu.” Nilimwomba, Esnath. Sikumwamuru, nilimwomba kama mtoto anaomba andazi. Akashuka akaenda nyuma kwa yule bwana, mama akabaki mbele pembeni yangu.

Kwenye mti sikusimama.

Tukafika kwenye korongo. Maji yamepita juu ya njia, kidogo tu, hayafiki alama ya chini. Clement akaniambia kutoka nyuma, “Mjomba, nishuke nikanyage?” Na fimbo alikuwa ameshaishika, nilisikia inagonga kiti. Nikamwambia kaa. Njia hii naijua kuliko kitanda changu. Kwa nini nilimkatalia? Kwa sababu sheria ni yangu, aliyeshika usukani ndiye anayeshuka, na mimi nisingeweza kushuka. Goti lilikuwa limekufa ganzi. Ningeshushwa kwa kushikwa makwapa mbele ya yule mama niliyekuwa namsimulia kwamba mimi ni simba. Na macho. Esnath, yale maji niliyaona meupe tu kama shuka limeanikwa. Ukingo sikuuona. Tangu mwaka juzi sioni ukingo.

Nikaingiza fowili magurudumu yote manne yavute, nikatia gia kabla hajafungua mlango. Mengine unayajua.

Trafiki alipofika akauliza nani alikuwa anaendesha. Nilifungua mdomo, Mungu anajua niliufungua. Clement akasema, “Mimi, afande.” Nikaufunga. Ndiyo maana nilikuambia sikusema uongo. Ni kweli, sikusema. Nilisimama kando nimeshika mgongo kama mgonjwa nikamwacha mtoto wako aandikwe. Halafu Clement akawaambia wale wageni maneno kwa Kiingereza, wakanitazama, wakanyamaza. Miezi saba nimekuwa najiuliza aliwaambia nini.

Tarehe nane mwezi huu nikapanda gari nikaenda Makongolosi. Vumbi la Chunya lile lile. Nilimkuta kwenye karasha amevaa gunia kichwani, mweupe mwili mzima kwa vumbi la mawe, nikampita sikumtambua. Yeye ndiye aliyeniita.

“Shikamoo mjomba. Goti vipi?”

Wenzake wakasema, “Dereva, babu yako kaja kukupa lifti?” wakacheka. Akaniletea ndoo akaigeuza nikakaa.

Nikamuuliza, “Siku ile uliwaambia nini wale Wazungu?”

Akatazama chini. “Tuache mjomba, imeisha.”

“Haijaisha. Sema.”

Akasema, “Niliwaambia mzee wetu haoni vizuri siku hizi. Kosa ni la kwangu mimi niliyempa gari.”

Kumbe hata macho alijua. Na wao wakajua. Mimi nimejificha miezi saba kwenye nyumba haina ukuta. Nikamuuliza, sasa ulijua, kwa nini ulinipa? Akasema, “Uliomba, mjomba. Hujawahi kuniomba kitu.”

Dada, nimevuka mito mingi. Pale kwenye ndoo sikuona ng’ambo.

Nikamwambia nakwenda polisi. Akakataa, akasema ukisema sasa na mimi nitaonekana niliwadanganya. Ni kweli. Nikamwambia basi tutaonekana wote, wewe ulidanganya kwa ajili yangu, mimi nilinyamaza kwa ajili yangu, watajua wenyewe nani mbaya. Tukabishana mpaka chai ya saa kumi. Mwisho akasema, “Mimi siendi. Ukienda, nenda wewe.” Alikuwa sahihi hata hapo, ni sheria ile ile.

Nikaenda. Afande wa kituo kilichoandika ajali yetu ni dada mmoja kijana, anaitwa Tupokigwe. Aliniambia, “Babu, faili hili limefungwa.” Nikamwambia lifungue. Akasema, “Unajua unajishtaki mwenyewe?” Nikasema najua. Akasema nisimulie yeye aandike, nikakataa, nikamwomba karatasi. Niliandika kutoka saa tatu mpaka saa sita, herufi kubwa kama matofali, watu wanaingia wanatoka wananisoma begani. Neno korongo nililifuta mara tatu. Akaigonga karatasi muhuri. Nimeambiwa nirudi tarehe kumi na nane mwezi ujao kusikia nitafanywa nini, na Clement ataitwa naye. Sijui watasema nini. Sitakudanganya kwamba leseni imerudi, haijarudi.

Bosi wa kampuni nilimfuata pia. Alinisikiliza amesimama. Akasema, “Sasa mzee, unanisaidia au unaniongezea? Alimpa gari mtu asiye na leseni.” Nikamwambia ni kweli. Akasema, “Lakini angalau najua hakulaza yeye. Mwambie aje tuongee.” Ni hivyo tu. Sikupewa hata kiti na sikustahili.

Sasa barua hii haiji kwa kondakta. Naileta mwenyewe, kesho kutwa asubuhi nitakuwa mlangoni kwako, na utakuwa unaisoma mimi nimekaa kwenye kile kigoda chako cha jikoni. Nimeiandika kwa sababu masikio yako yamekufa, na kukupigia kelele jambo hili siku ya kwanza nisingeweza. Soma yote. Usiniangalie mpaka umalize.

Ukimaliza, toa jembe nyuma ya mlango. Tunakwenda nalo kwa Mzee Kikoti siku hiyo hiyo, kabla ya Watakatifu Wote. Mimi ndiye niliyeliingiza kwake kwa maneno mengi. Kuanzia kwenye lango la Kikoti natembea kwa miguu, na goti hili, na fimbo hii, usinishike mkono hata nikiyumba. Akilikataa jembe, amelikataa, nitalibeba kurudi. Akimpa Anjela mtu wa mbao, nitakuwa nimechelewa mimi, siyo Clement, na hilo nitakwenda kumwambia Clement mwenyewe. Lakini pale sebuleni nitasimama pale pale niliposimama mwezi wa kwanza. Nitasema nilikaa kulia. Nitasema sikushuka. Na nitapaza sauti, Esnath, mpaka wewe usikie.

Kwamba haya ni kweli, mashahidi wapo na wote wako hai. Clement mwanao, aliyekuwa nyuma na fimbo mkononi. Wale Wazungu wawili, anwani yao iko kwa bosi. Afande Tupokigwe, mwenye karatasi yangu na muhuri. Mtoto wa Sunday School aliyenishika kiwiko, jina sikumuuliza. Na wewe, uliyejua mwezi wa saba.

Jailos